Shilingi ikipata alama yake, tuipe namba gani kwenye kompyuta?

Vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Dodoma walikuja ofisini kwangu, chumba kimoja karibu na soko la Majengo ambako nafunga mifumo ya mauzo ya maduka na vitabu vya SACCOS. Walikuwa na karatasi yenye alama waliyoibuni kwa ajili ya shilingi ya Tanzania: S yenye mikato miwili ya kusimama, imechorwa kwa wino mzito, na kusema kweli ilipendeza. Ombi lao lilikuwa fupi. "Kaka, tuwekee kwenye fonti. Tukibonyeza, itokee."

Kuichora ndani ya fonti ni kazi ya nusu saa. Kazi kubwa ni kuamua ikae kwenye namba ipi. Kompyuta haihifadhi sura za herufi, inahifadhi namba. Ukiandika A, kinachobaki kwenye faili ni 65, na fonti ndiyo inayokuja baadaye kueleza 65 ichorwe vipi. Kwa hiyo nikawaambia wakae, nikatuma juisi ya ukwaju, tukaanza kupitia njia moja moja.

Nayaandika hapa kwa sababu hawakuwa wa kwanza kuniuliza. Shilingi yetu haina alama ya pekee kama ya dola au ya naira. Tunaandika TSh, Sh, TZS, au ule mkwaju na alama ya sawasawa, 5,000/=. Ukiwa mbunifu mwenye alama mkononi, mwandishi wa programu, mhasibu au fundi wa stesheneri, siku moja utalazimika kuchagua, na uchaguzi wenu hautafanana.

Nina kipimo kimoja ninachokitumia kwa njia zote. Nachukua mstari wa kawaida wa dukani, tuseme "Zabibu kilo 2, Sh 10,000", naweka alama mpya mahali pa Sh, kisha naupitisha sehemu nne: kompyuta ya mtu mwingine, simu ya kitochi, printa ya risiti, na programu inayowasomea wasioona maandishi ya skrini. Njia iliyofaulu kwenye kompyuta yangu pekee naihesabu kuwa imefeli.

Kukalia kiti cha alama nyingine

Hii ndiyo njia waliyoitaka vijana. Unachukua kibonye kisichotumika sana, kwa mfano kile cha mkato mdogo (`) chini ya Esc, unafuta mchoro wake ndani ya fonti na kuchora alama yako. Unabonyeza, inatokea. Hakuna kibali cha kuomba wala mtu wa kusubiri.

India walipitia huku. Serikali yao ilipitisha alama ya rupia iliyobuniwa na D. Udaya Kumar tarehe 15 Julai 2010, na muda si mrefu ikaanza kuzunguka fonti iliyoiweka palepale, kwenye mkato ule wa chini ya Esc. Watu waliipakua kwa shangwe. Lakini maandishi yaliyomo kwenye faili yalibaki kuwa mkato. Aliyepokea faili bila fonti ile aliona mkato mbele ya kila bei.

Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilohilo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitaka orodha ya bei yenye alama ya kwake, nikamtengenezea fonti ya namna hii. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa safi. Akapeleka faili kuchapisha kwingine, zikatoka nakala mia mbili zenye mkato mdogo mbele ya saruji, mbele ya nondo, mbele ya mabati. Gharama tuligawana.

Wakubwa pia walikosea hivi, na wao hawakuwa na fonti tu mikononi, walikuwa na viwango vya taifa. Enzi za orodha ya herufi 128, Uingereza iliiweka pauni kwenye namba 35, ambako Wamarekani wana alama ya reli, #. Japani iliiweka yen kwenye 92, palipo na mkwaju wa nyuma, na Korea ikaiweka won hapohapo. Mpaka leo ukifungua Windows yenye fonti za Kijapani, njia ya folda huonekana C:¥ badala ya C:\. Hawawezi tena kurekebisha kwa amri moja, kwani kwenye mamilioni ya faili za zamani hakuna anayejua 92 ipi ilimaanisha fedha na ipi ilimaanisha folda.

Njia hii naikubali kwa kitu kimoja: kazi inayoishia kwenye karatasi, turubai au ubao, na ambayo wewe mwenyewe ndiye unayeichapisha. Bango la zabibu barabarani halitafutwi na kompyuta wala halisomwi na printa ya mtu mwingine.

Eneo binafsi

Shirika la Unicode, linalotunza orodha ya namba za herufi za dunia nzima, limetenga viti 6,400 kuanzia U+E000 hadi U+F8FF na kuahidi kwamba halitavigawa kwa herufi yoyote. (Hiyo U+ ni kiashiria cha namba za Unicode, zinazoandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ndiyo maana zina herufi ndani yake.) Kila mtu aweke humo anachotaka. Apple, kwa mfano, wanaweka tofaa lao kwenye U+F8FF.

Ukilinganisha na njia ya kwanza, hii ina heshima zaidi, maana haidanganyi. Faili likifika kwa mtu asiye na fonti yako haoni mkato unaojifanya fedha, anaona kiboksi kitupu, na kiboksi humfanya mtu aulize. Lakini kuna vurugu ya namna nyingine. Fonti za aikoni zinazotumika kwenye tovuti nyingi nazo zimejazana eneo hilihili. Ukiiweka shilingi kwenye U+F000 na tovuti ikawa na fonti ya aikoni, bei ya zabibu inaweza kutokea na kielelezo ambacho hukukichora.

Kasoro ninayoiona kubwa zaidi haionekani kwa macho. Programu inapokata mstari, huwa inajua kwamba alama ya fedha isiachwe peke yake mwisho wa mstari na tarakimu zikashukia mstari unaofuata. Kwa alama iliyo kwenye eneo binafsi haijui lolote. Kwenye safu ambayo Unicode imeitenga kwa alama za fedha, kinyume chake, hata viti ambavyo bado vitupu vimekwishawekewa maelekezo kwamba atakayekaa hapo atendewe kama alama ya fedha. Yaani simu ya zamani isiyo na mchoro wa alama yako bado itaipanga vizuri kando ya namba.

Eneo binafsi linafaa kwa majaribio, ndani ya nyumba moja: taasisi yenye fonti yake kwenye kompyuta zake zote, kwa muda unaojulikana mwisho wake. Andika mahali kwamba U+E000 ni shilingi, ili siku ya kuhamia namba rasmi ubadilishe kwa amri moja.

Picha, na herufi ya kubandika mkato

Hizi mbili nazipitia haraka. Picha inapendeza kwenye nembo, lakini haitafutiki, ukinakili bei inabaki nyuma, na asiyeona hatajua ilikuwapo usipoiandikia maelezo yake. Kubandika mkato juu ya S ni kutumia namba mbili kwa alama moja: ya herufi na ya mkato unaoelea juu yake. Fonti nyingi huuweka mkato kombo. Na mtu akifuta kwa kibonye cha kurudi nyuma, mara nyingi anafuta mkato tu, S inabaki. Vijana waliijaribu kwenye simu zao tatu tukapata S za sura tatu.

Fonti inayounganisha herufi

Hapa ndipo ninapoegemea kwa sasa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fonti za kisasa zinaweza kuamriwa hivi: ukikuta T, S na h zimefuatana, chora alama moja. Kwenye faili kunabaki herufi tatu zilezile, na alama inakuwa vazi la juu. Ukiipeleka kwa mtu asiye na fonti, anaona "TSh 10,000" na maisha yanaendelea. Ukitafuta TSh, unaipata. Programu ya kusoma kwa sauti inakutana na herufi inazozijua. Simu ya kitochi haitambui hata kama kulikuwa na sherehe mahali. Kati ya njia zote zisizohitaji kibali, hii pekee ndiyo iliyopita sehemu zangu nne.

Ina masharti yake. Mbunifu mwenye haraka ataandika amri ya "Sh" tu, na kesho yake Shinyanga imekuwa alama ya fedha ikifuatiwa na "inyanga", na mzee Shabani amegeuzwa noti. Hata "Tsh" yenye s ndogo ina hatari: majina ya Kongo yamejaa, anza na Tshisekedi. Amri salama ni T kubwa, S kubwa, h ndogo, na iwe imefuatwa na tarakimu au nafasi kisha tarakimu. Pia si programu zote zinazotii. LibreOffice huunganisha bila kuulizwa, Word inataka uwashe kwanza mahali palipojificha, na kwenye jedwali la Excel usitegemee. Lakini programu isipotii, hasara ni kwamba umeona TSh. Nani amewahi kuumia kwa kuona TSh?

Namba rasmi

Safu ya alama za fedha katika Unicode ni U+20A0 hadi U+20CF, viti 48. Mpaka toleo la 17.0 la Septemba 2025, 34 vimekaliwa na 14 viko wazi. Naira ya Nigeria iko humo tangu mwanzo, U+20A6. Cedi ya Ghana iliingia mwaka 2005, U+20B5. Siku hizi mambo huenda kasi kuliko watu wanavyodhani:

| Fedha | Alama ilipotangazwa | Namba | Ilipoingia Unicode |
|---|---|---|---|
| Rupia ya India | Julai 2010 | U+20B9 | Oktoba 2010 |
| Lira ya Uturuki | Machi 2012 | U+20BA | Septemba 2012 |
| Ruble ya Urusi | Desemba 2013 | U+20BD | Juni 2014 |
| Lari ya Georgia | Julai 2014 | U+20BE | Juni 2015 |
| Riali ya Saudia | Februari 2025 | U+20C1 | Septemba 2025 |

Miezi mitatu India, mwaka kasoro Georgia. Vijana walipoiona orodha hii macho yaliwaka. Ikabidi niwaonyeshe safu ya pili: kila moja ilianza kutangazwa na mamlaka ya nchi, na namba ikafuata. Yeyote anaweza kupeleka pendekezo, hata mwanafunzi, lakini Unicode itataka kuona kwamba alama inatumika, na nani ameipitisha. Kwetu hapa anayetoa noti na sarafu ni Benki Kuu peke yake, tangu ilipofunguliwa tarehe 14 Juni 1966. Mchoro mzuri wa watu watatu haujafika huko.

Uangalifu huu wa Unicode una sababu. Namba ikishatolewa hairudishwi, haihamishwi, na jina lake halibadilishwi hata likiwa na kosa. Kuna mabano ya Kijapani ambayo jina lake rasmi limeandikwa BRAKCET, herufi zimepishana, na yatabaki hivyo. Peseta ya Hispania ilikufa mwaka 2002 lakini U+20A7 ni yake milele.

Ukishaamua kuelekea namba rasmi, kuna chaguo tatu ndogo ndani yake, na hapa ndipo watu huteleza.

La kwanza: namba mpya, au sura mpya kwa namba ya zamani? India tayari walikuwa na alama ya rupia, U+20A8, iliyoonekana kama Rs. Wangeweza kusema fonti zote zibadilishe mchoro wake. Lakini Rs ile inatumika na nchi nyingine zenye rupia, na nyaraka zao zingebadilika sura bila kuulizwa. Wakapata namba mpya. Ulaya nayo: U+20A0 ilishakuwepo kwa ajili ya fedha ya awali ya kihesabu, ile ECU, lakini yuro ikapewa U+20AC yake mwaka 1998. Pande zote mbili zilichagua namba mpya na sioni sababu ya sisi kufanya tofauti.

La pili linahusu mchoro wenyewe, na ndilo lililowanyamazisha wageni wangu. Dola huchorwa kwa mkato mmoja au miwili, kutegemea fonti, na yote miwili ni namba moja, 36. Sasa S yenye mikato miwili ya kusimama ni nini? Ni dola. Hata ukiiita shilingi, atakayeipokea pendekezo lako atakuonyesha namba 36 na kukuaga. Vivyo hivyo ukichora T, S na h zikiwa zimekaa kando kando, watakuambia herufi hizo unazo, ziandike. Alama inayostahili namba ni ile isiyoweza kuandikwa kwa zilizopo na isiyochanganywa nazo. Ghana walilijua hilo kwa uchungu: kabla ya namba yao watu waliazima alama ya senti, ¢, na leo, miaka mingi baada ya kuipata ₵, bado utaona GH¢ kwenye vibao. Namba haibadilishi mazoea ya vidole.

La tatu: iwe alama ya shilingi ya Tanzania, au ya shilingi kwa wote? Alama ya dola inatumiwa na Marekani, Canada, Australia na wengine, na wanaozitofautisha huongeza herufi. Shilingi iko Kenya, Uganda, Somalia na kwetu. Ilikuwa moja katika Afrika Mashariki kuanzia 1921 hadi kila nchi ilipotoa ya kwake. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilisaini itifaki ya umoja wa fedha Novemba 2013, na lengo la sarafu moja bado lipo mezani. Kama ningeulizwa, ningechora alama moja ya shilingi ambayo Nairobi na Kampala wanaweza kuitumia bila kuona aibu, T ikaongezwa mbele panapohitajika. Alama yenye watumiaji wengi hupata fonti haraka.

Kwa sababu namba ikitoka, kazi haijaisha. Unicode hutoa namba, haigawi fonti wala vibonye. India waliiweka rupia kwenye AltGr (kibonye cha Alt cha kulia) na 4, Waturuki lira kwenye AltGr na T. Sisi tunaotumia kibodi za Kimarekani na Kiingereza tungelazimika kukubaliana upya. Na simu hupata mchoro mpya inaposasishwa mfumo wake. Tembea stendi yoyote hapa Dodoma uangalie simu zilizo mikononi mwa watu, nyingi hazijasasishwa tangu siku ziliponunuliwa. Kwenye hizo, alama rasmi ya taifa itakuwa kiboksi kwa miaka.

Yuro inaonyesha vurugu ya kipindi hicho cha katikati. Ilipewa 164 kwenye kiwango kimoja cha herufi za Ulaya, 128 kwenye cha Windows, na 8364 kwenye Unicode. Wewe mwenyewe umewahi kuiona ikitokea kama â‚¬ kwenye barua pepe. Hizo ni baiti tatu za yuro (baiti ni kipande kidogo cha kuhifadhia namba, chenye biti nane, yaani tarakimu nane za 0 au 1) zilizosomwa na programu iliyodhani kila baiti ni herufi. Shilingi ikiingia safu ileile itakuwa na baiti tatu vilevile, na itaharibika kwa namna ileile mahali palepale.

Meseji na risiti

Kama ungetaka kusoma sehemu moja tu ya ulinganisho huu, ingekuwa hii, maana fedha za Watanzania wengi zinasomwa kwenye meseji ya muamala kabla hazijasomwa popote pengine.

Meseji moja ya simu ina baiti 140. Kwa alfabeti ya kawaida ya mtandao wa simu, yenye herufi za biti saba, zinaingia herufi 160. Alfabeti hiyo inajua $, £ na ¥. Yuro imo kwa mlango wa nyuma, inahesabiwa herufi mbili. Inajua pia T, S, h, mkwaju na sawasawa. Lakini ikitokea alama moja tu isiyokuwamo, meseji nzima hubadilishwa kwenda mfumo wa biti kumi na sita, na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67.

Fanya hesabu. Meseji ya "umepokea" yenye herufi 150 leo ni meseji moja. Weka alama mpya ya shilingi mahali pamoja tu, namba rasmi kabisa, imepitishwa na kila mtu: inakuwa meseji tatu. Aliyetuma analipia tatu. Kwenye simu ya kitochi ya zamani vipande vinaweza kufika vimepishana, na hiyo alama yenyewe ikawa kiboksi. Kwa hiyo hata siku namba ikipatikana, mwandishi wa mfumo wa malipo anayeiweka kwenye meseji kwa uzalendo atakuwa amewatoza watu gharama mara tatu.

Printa za risiti zina ukale wao. Nyingi za zile ndogo za karatasi ya joto hupokea baiti moja kwa kila herufi, kwa orodha za herufi 256 zilizopangwa miaka ya kompyuta za mwanzo za kampuni ya IBM. Kwenye orodha maarufu ya 437, nafasi ya 158 bado ni ya peseta ile niliyosema imekufa. Ili yuro ipate nafasi ilibidi orodha nyingine, 850, ing'olewe herufi moja na kupewa jina jipya, 858. Alama mpya haiingii humo isipokuwa kama mchoro unaopakiwa kwenye kila printa, moja baada ya nyingine. Nimezunguka kufunga printa kuanzia Majengo hadi Kibaigwa kwenye soko la mahindi. Sitaki kurudia safari hiyo kwa ajili ya alama.

Kubaki na herufi

Hii inaonekana si njia, lakini ipime kama zingine. Kimataifa shilingi yetu ina msimbo wa herufi tatu, TZS, na wa namba, 834. Kila benki duniani inaujua. Hazina kubwa ya taarifa za lugha na nchi ambayo simu na tovuti nyingi huchota humo inaonyesha TSh kwa Kiswahili cha Tanzania. Ukihifadhi kiasi kwenye safu yake na TZS kwenye safu ya jirani, siku hazina hiyo ikibadilisha TSh kuwa alama mpya, mfumo wako utabadilika bila wewe kugusa rekodi hata moja. Mhasibu aliyeandika "TSh 10,000" yote ndani ya kisanduku kimoja, kama maneno, ndiye atakayekesha.

Na ule mkwaju wa 5,000/= tusiudharau. Jina la mkwaju katika Unicode ni SOLIDUS, sarafu ya dhahabu ya Warumi ambayo jina lake ndilo lililotoa ile s ya shilingi katika hesabu za Kiingereza za pauni, shilingi na peni. Alama ya shilingi tunayo tangu zamani, ila tumeizoea mpaka hatuioni. Udhaifu wake ni kwamba huja baada ya namba, na programu nyingi huichukua kama hesabu ya kugawanya isiyokamilika.

Nani achukue ipi

Fundi wa stesheneri anayechapa bango la mteja: fonti ya kuunganisha herufi ikiwezekana, la sivyo picha. Kukalia kiti cha alama nyingine ni pale tu unapojua faili halitatoka kwenye flashi yako.

Mwandishi wa mfumo wa mauzo au wa SACCOS: TZS kwenye data, leo na hata baada ya namba rasmi. Alama ije wakati wa kuonyesha tu. Kwenye meseji na risiti, TSh.

Taasisi inayotaka kufanya majaribio ya alama kwa nyaraka zake za ndani: eneo binafsi, kwa maandishi na kwa muda.

Mbunifu: achana na namba kwanza. Rudi kwenye karatasi uhakikishe haifanani na dola, inasomeka ikiwa ndogo kama ilivyo kwenye risiti, na upana wake hauzidi wa tarakimu ili safu za bei zisiyumbe. Kisha tafuta mwenye mamlaka ya kuipitisha. Namba ni hatua ya mwisho, na kama jedwali linavyoonyesha, ndiyo iliyo nyepesi.

Vijana waliondoka na mchoro uliofutwa mikato miwili na kuachwa mmoja wa kulala, kama kamba iliyofungwa kiunoni, ambao bado si wa mwisho. Niliwatengenezea fonti ya kuunganisha. Mmoja wao akaandika orodha ya bei ya zabibu, akaitumia dada yake aliyeko Kondoa kwenye simu yake ya vibonye, akampigia kumuuliza ameona nini. "Zabibu kilo mbili, te-esi-hechi elfu kumi," dada akajibu. "Kwani ulitaka nione nini?"